Mbuzi Waliopanda Boti ya Bwana

Mwezi uliopita wajukuu wangu walinitoa mtaani kwetu Rhonda wakanipeleka Naivasha nikapunge upepo. Kijana wa boti akanivalisha lile koti la rangi ya machungwa, akanifunga kifuani kama mtoto mchanga, halafu akaniambia, "Mathe, usiogope. Hii maji haina maneno." Nilimkata jicho. Mimi niogope Naivasha? Hata baba yake alikuwa hajazaliwa wakati mimi nilipita ziwa hilo kwa tanga, mbuzi wakinikanyaga miguu! Wajukuu wakacheka, wakadhani ni uzee unaongea. Basi wewe keti, rafiki yangu, nikueleze, maana wao walikuwa wanajipiga picha.

Tulikaa Ndabibi, kwenye shamba la mzungu, katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, nyuma ya zizi la ng'ombe. Nililelewa na nyanya, mama wa mama yangu. Alikuwa mfupi, mkali, na kwenye paji la uso alikuwa na mfereji uliochimbwa na ukanda wa ngozi aliobebea kuni tangu usichana wake. Mjomba, kitinda mimba wake, alitunza boti ya matanga ya bwana. Aliipiga rangi, akaipangusa, akafukuza ndege waliokuja kuichafua. Wanawake wa laini walisema bwana anaipenda boti ile kuliko memsahibu, na wakisema hivyo walichekea ndani ya leso. Usukani ulishikwa na jirani yetu, mtu wa Nyanza aliyekulia kwenye maji, mpole ajabu.

Ilikuwa miaka ya imajensi, ile hali ya hatari wakoloni walipopigana na wapiganaji wa msituni. Watu wa kabila letu walikuwa wanapakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, ardhi waliyotengewa na serikali, hata wale ambao hawajawahi kuiona hiyo rizavu kwa macho yao. Sisi tulibaki kwa sababu bwana alisema hawezi kupata mtu mwingine wa boti. Lakini mjomba alikuwa na mchumba upande wa kusini wa ziwa, kwa mzungu mwingine, na mzungu yule hakumtetea mtu. Habari ikaja kwamba malori ni Jumatatu. Msichana akiolewa kabla ya siku hiyo, atakaa kwetu kama mke wa mfanyakazi. Asipoolewa, atapanda lori na wazazi wake, na atashushwa wapi, nani ajuaye? Mjomba aliacha kula. Alikuwa anashika tonge la ugali, analifinya, analirudisha.

Baba ya msichana naye alikuwa na kichwa kigumu. Akatuma neno, "Mtoto wangu hatoki kwangu mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa. Leteni mbuzi, nitatoa mke." Mbuzi tulikuwa nao, nyanya alikuwa amewaweka kwa kazi hiyo hiyo. Shida ilikuwa njia. Barabarani askari walisimamisha kila mtu, na mtu mweusi akionekana na mbuzi waliambiana anapelekea watu wa msituni chakula.

Sasa, Jumapili hiyo wazungu walikuwa na mashindano ya boti kwenye klabu yao, huko huko kusini. Bwana angeenda kwa gari, na boti ilitakiwa kumtangulia Jumamosi kwa maji. Nyanya aliposikia hivyo aliweka mwiko chini.

"Boti ina nafasi," akasema.

Mjomba akashika kichwa. "Mama! Hiyo ni boti ya bwana!"

"Kwani mbuzi watamwambia?"

Mambo yakaisha hapo. Tuliondoka alfajiri, jirani kwenye usukani, mjomba kwenye kamba, nyanya katikati na mbuzi sita, na mimi, kwa sababu mbuzi walinizoea mimi. Tulitandika magunia kila mahali ili kwato zisikwaruze vanishi. Nyanya alibeba viazi vitamu vilivyochemshwa, bado vya moto ndani ya kitambaa, na kibuyu cha uji uliochacha. Mpaka leo nikionja uji wa namna hiyo nasikia harufu ya vanishi na mavi ya mbuzi, na nasikia vizuri tu.

Tulifuata ukingo, hatukukata katikati. Jirani alisema ziwa lile linaamka mchana, na asubuhi ni la kusafiri kwa adabu. Kweli lilikuwa limetulia, mafunjo yamesimama, viboko wanapumua huko mbele kama wazee waliomaliza kupanda mlima. Kwenye mashamba tuliona watu wakikamua, tukasikia ndoo. Mzungu mmoja alisimama kwenye gati yake akatupungia mkono, halafu mbuzi mmoja akalia, na mkono wa yule mzungu ukabaki hewani. Nyanya akampungia pia, kwa heshima zote. Nilicheka mpaka nikafinywa.

Upepo ulikuja mchana, kama jirani alivyosema. Boti ikalala upande mmoja, mbuzi wakateleza wote wakaniangukia, maji yakaanza kurukia ndani. Mjomba alikuwa amefurahi kwa mara ya kwanza wiki ile, anaimba, macho yake yako mbele kwenye shamba la mchumba wake. Hakuona kwamba amemfunga beberu karibu na kamba ya tanga, ile inayolishikilia lisiruke ovyo. Kamba ya katani, yenye chumvi ya jasho la mikono ya watu! Beberu alikuwa anaitafuna tangu asubuhi, polepole, anafumba macho kwa utamu.

Ikakatika. Hee! Tanga likaruka nje likipiga kelele ya mabati, boti ikageuka ubavu, na upepo ukaanza kutusukuma kwenye mafunjo, kule kule tulikoona viboko. Kamba nyingine hatukuwa nayo, na ile iliyotafunwa ilibaki kipande kisichofika. Mjomba akataka kuruka majini alishike tanga kwa mikono. Jirani akamkamata shati. "Kaa chini! Unataka kuoa ama unataka kufa?" Mimi nililia waziwazi, siwezi kukudanganya.

Nyanya alifungua ule ukanda wake wa kuni, ambao aliufunga kiunoni hata akienda kanisani, akamtupia jirani. Ngozi ya ng'ombe, pana, imelainishwa na jasho la kichwa chake miaka yote. Jirani akaiunga na kipande cha kamba, tanga lilipojirudisha akalidaka, akavuta, na mjomba akavuta pamoja naye mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Boti ikatikisika, ikashika njia. Nyanya akamgeukia beberu, akampiga kofi moja la uso.

Tulifika tumelowa sote. Baba ya msichana aliwakagua mbuzi mmoja mmoja, meno, kwato, masikio, bila haraka. Aliposikia habari ya beberu akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Huyu ndiye nitakayemwamini," akasema. "Amejaribu kuwazuia msininyang'anye mtoto." Tukanywa chai chini ya mti wa nyuma ya jikoni, akina mama wakaimba kwa sauti ya chini kwa kuogopa askari. Msichana, anti yangu kuanzia saa ile, akapanda boti na sanduku dogo. Mama yake aliingia majini mpaka magotini akiwa ameshika ubao wa boti, hakuachia mpaka jirani alipomwambia, "Mama, upepo."

Tulilala klabuni kwenye stoo ya makasia, bwana akashindana Jumapili akawa wa mwisho, na Jumatatu tukarudi na boti kwa njia ile ile. Tulipofika kwenye shamba la wazazi wa anti hakukuwa na moshi hata nyumba moja. Milango wazi, kuku wanazurura. Malori yalikuwa yamekuja kabla jua halijapanda. Na pale ukingoni, wamefungwa kwenye kigingi, walisimama mbuzi wetu wote sita, wakilia kwa kiu.

Mjomba alishuka kuwafungua awapakie. Anti akapiga kelele. Mimi sikuelewa, nilikuwa mtoto, lakini kwetu mbuzi wa mahari wakirudishwa, ndoa imekufa. Anti alimshika nyanya miguu, "Usiwachukue, mama, utakuwa umenirudisha, na sina pa kurudi!" Nyanya akatazama mbuzi, akatazama zile nyumba.

"Siwarudishi," akasema mwishowe. "Nawachungia wenyewe."

Na aliwachunga, rafiki yangu. Aliwajengea banda lao peke yao, akawakata sikio alama wasichanganyike na wetu. Wakazaa, watoto wao wakazaa. Kuna mwaka tulikula mboga za mwitu tupu, nikamwomba tuchinje mmoja tu, yule mzee asiye na meno. "Ni wa wenyewe," akaniambia, na hakupandisha sauti. Bwana alipotaka kuwanunua alijibiwa vile vile.

Leo pale laini ilipokuwa ni maua ndani ya mahema ya plastiki, na ukingo umezungushiwa waya. Boti sijui iliozea wapi. Lakini kinachoniuma si boti. Nauliza tu, kwa unyenyekevu, leo ukiacha mbuzi wako kwa mtu usiyejua utamwona lini, utawakuta?

Imajensi iliisha. Jioni moja, nikiwa msichana mkubwa tayari, mwanamke mmoja alisimama kwenye ua wetu, amekonda, nguo ni za kuazima, peke yake. Mumewe alikuwa amebaki huko rizavu, udongoni. Hatukumjua. Nyanya ndiye aliyemjua: yule mama aliyeshika ubao wa boti. Hakumkaribisha chai, hakumwuliza habari. Alimshika mkono moja kwa moja mpaka bandani, akafungua mlango, nao wakatoka, wakatoka, wakajaa ua mzima.

"Tazama mali yako kwanza," nyanya akamwambia. "Kulia tutalia baadaye."

Lakini yule mama hakutazama mbuzi hata mmoja. Anti alikuwa anatoka ziwani na debe la maji kichwani.