Mafuta Kifuani

Mara ya mwisho ulipomtazama mwanamke kifuani ukampangia bei, ilikuwa lini? Usinikodolee macho. Jibu kimoyomoyo, kisha tuendelee, maana mwanamke huyu alitazamwa hivyo kila siku ya kazi yake, na waliomtazama walikuwa watu wa heshima zao, vikapu mkononi na salamu mdomoni.

Alikuwa muuza nyama. Bucha aliachiwa na baba yake, pamoja na gogo la kukatia, shoka, misumeno ya mifupa na mkono wa kulia usiotetemeka. Mtaa mzima ulimwita Tipwa, kifupi cha tipwatipwa, kwa sababu alijaa, alijaa hasa, akisimama kaunta ya mbele mteja haoni mizani. Aliposhusha shoka kwenye paja la ng'ombe, kifua nacho kilishuka, na wanaume waliokuja kununua nusu kilo walijikuta wameagiza mbili. Alilijua hilo na akalicheka.

"Nyie mmekuja kununua au kutalii?" aliwauliza, na watu wakavunjika mbavu.

Kisha magoti yakagoma na sukari ikapanda. Daktari hakumzungusha: apungue, la sivyo ajiandae kukatwa mguu. Tipwa alikuwa akikata miguu ya ng'ombe tangu usichana wake. Hakuhitaji kuelezwa msumeno unavyopita kwenye mfupa. Akaacha sukari, akaacha vya kukaanga, akawa anatembea kila alfajiri mpaka fulana inamganda mgongoni. Mwili ukashuka. Magoti yakanyamaza. Daktari akampa mkono wa pongezi.

Lakini mwili haupungui pale unapoutuma. Matiti ndiyo yaliyotangulia. Yalinywea, yakalala juu ya mbavu kama soksi zilizovuliwa, na ngozi ya tumbo ikajikunja kama shuka lisilotandikwa. Siku moja alijitazama kwenye kioo cha kabati, akaona mtu aliyevaa mwili wa kuazima. Akakitia ngumi kile kioo. Vipande vikamwagika sakafuni, na yeye akaenda kushonwa mkono.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la ng'ombe kabla hajaoa bucha na mwenye bucha kwa mpigo. Alijiita Bosi, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Mimi nilioa godoro," alisema akivua viatu. "Sasa nalala kwenye mbao za kitanda."

Mama yake, aliyeishi nao chumba cha pili, akacheka mpaka akapaliwa. "Mwanangu, kwani hapo kuna mke? Hiyo si kamba ya kuanikia nguo?"

Siku nyingine Bosi alimpiga mkewe. Mlango haukufungwa vizuri, au ulifungwa kwa kishindo. Alimpiga kwa mgongo wa kiganja, lile kofi linaloacha alama ya pete, kisha akaulizia chai yake iko wapi. Na mtaa ulisikia. Mitaa yetu ina masikio makubwa ajabu, lakini miguu haina.

Sasa, bucha ina desturi yake ya kupanga nyama. Kipande chenye mafuta hutundikwa mbele, nyuma ya kioo, king'ae. Mbavu za ng'ombe mkongwe aliyekonda hutundikwa nyuma, ambako jicho la mteja halifiki. Ndiyo biashara. Asubuhi moja Bosi akaitumia desturi hiyo kwa mkewe.

"Kuanzia leo wewe kaa nyuma, uoshe utumbo. Watu wananiuliza unaumwa nini. Muuzaji akikonda hivyo, watasema na nyama yenyewe ni mzoga."

"Hii ni bucha ya baba yangu."

"Baba yako alimwachia mwanamke mnene. Yuko wapi? Niitie nimkabidhi."

Akakaa nyuma, penye dirisha dogo, karai, maji ya moto na uvundo wa samadi mbichi iliyojaa matumboni. Kutoka huko alimsikia Bosi akilitesa paja. Alilipondaponda pale pa kupitisha msumeno, vipande vya mfupa vikiruka mpaka ukutani, wateja wakiguna. Kila pigo lilimchoma Tipwa mwenyewe. Hakutaka gari, hakutaka nyumba, hakutaka hata Bosi ampende. Alitaka kaunta yake.

Ndipo akafanya kosa ambalo angelifanya muuza nyama peke yake.

Sidiria za sponji alikuwa ameshazijaribu. Alipoinua shoka zilibonyea, na zikibonyea haziinuki tena. Lakini kuna mafuta yanayozunguka figo ya ng'ombe, meupe, magumu; yakitoka kwenye friji unaweza kuyagonga mezani yakalia. Siku moja jioni aliyachonga kwa kisu cha kuchunia, akayaviringa, akayavika mifuko ya nailoni na kuyalaza kwenye baridi. Jumamosi asubuhi, siku ambayo bucha hujaa kuliko zote, akayapakia kwenye sidiria yake ya zamani. Meno yakamgongana. Baridi ile ilimkata mpaka kwenye uti wa mgongo. Lakini yalikuwa mazito, na yalisimama.

Bosi akapiga mluzi. "Enhee! Huyu ndiye ninayemjua. Haya, mama, pita mbele!"

Hakuuliza yametoka wapi. Kwake nyama ilikuwa imerudi kwenye kioo, basi.

Mpishi wa shule, mteja wa miaka mingi, alikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Tipwa! Shoga yangu, umefufuka?"

"Nilikuwa likizo."

"Likizo gani ya kuotesha maziwa?"

Wakacheka, wakagongana viganja. Tipwa akashika shoka. Pigo la kwanza likapita kwenye mfupa kama kwenye ndizi, la pili, la tatu; foleni ikasogea, wanaume wakaanza utalii wao, naye akawatukana kwa furaha. Kwa muda ule alikuwa mtu kamili.

Jua likapanda. Bati likaanza kulia kwa joto. Kifua chake kilichopoa asubuhi sasa kilikuwa kinawaka, na kila shoka lilipotua, nailoni iligongwa. Ikapasuka. Tone la kwanza lilimteremka tumboni naye akadhani ni jasho. Kisha doa likajitokeza kwenye aproni, likatanuka. Inzi wakajua kabla ya watu. Titi la kushoto likaporomoka taratibu mpaka kiunoni.

"Mama," akasema mwanaume mmoja, "mbona unavuja?"

Bosi akageuka. Akaona doa, akaona inzi, akaona nyuso. Akamzamishia mkewe mkono shingoni mwa blauzi, mbele ya watu wote, akapekua, akang'oa mfuko na kuubwaga kwenye mizani.

"Haya! Nani anataka titi la mke wangu? Bei ya mafuta tu!"

Watu wakacheka. Nakuambia walicheka, wanaume kwa wanawake, na mmoja akauliza kama kuna nyongeza.

Tipwa hakulia. "Usinishike tena," alisema kwa sauti ya chini.

"Nakushika! Bado la pili!" Na mkono ukarudi kwenye blauzi.

Kwenye kaunta kulikuwa na mguu wa ng'ombe, pamoja na ukwato wake, ukisubiri msumeno. Tipwa aliushika kwa chini ya goti, akauzungusha kwa nguvu zote alizokuwa amezilaza huko nyuma kwenye makarai. Ukwato ukatua kwenye taya. Bosi akatema damu, na meno ndani yake. Kicheko kikafa.

Akamrukia. Ngumi ya kwanza ikafumba jicho la Tipwa, ya pili ikampasua mdomo, kisha akambwaga chali juu ya gogo na kumkaba koo kwa mikono miwili. "Leo nakuchinja hapa hapa!" Visigino vya Tipwa vikapiga ubao. Mkono wake ukapapasa, ukapita kwenye damu, kwenye mafuta, ukapata mpini. Akampiga kwa ubapa wa shoka, begani. Mfupa ulivunjika, na wote waliokuwepo wakausikia, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua.

Bosi akaanguka. Tipwa akasimama juu yake, na sasa shoka lilikuwa limegeuzwa, makali chini.

Mpishi wa shule alipanda kaunta, akashuka upande wa pili na kumkumbatia kiuno. "Usimuue! Shoga, nisikilize! Utafungwa, bucha atabaki nayo mama yake!"

Shoka likatetemeka hewani. Mikono ya Tipwa haikuwahi kutetemeka maishani mwake. Alimtazama Bosi aliyekuwa ameficha uso kwenye utelezi wa mafuta, akipiga yowe, na taratibu akaliteremsha.

"Toka kwenye bucha ya baba yangu."

Alitoka kwa kutambaa, mkono mmoja ukiburuzwa, na watu wakampisha.

Asubuhi iliyofuata Bosi alirudi. Mkono ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, taya imevimba, na mama yake alikuwa kando yake na kufuli jipya. Wakasimama ng'ambo ya barabara. Bucha ilikuwa wazi.

Tipwa alikuwa kaunta ya mbele. Jicho moja limefumba, vidole vya Bosi vimeandikwa shingoni kwa rangi ya zambarau. Alivaa fulana nyepesi bila kitu ndani, na matiti yake yalilala yanavyolala, yakayumba kila alipokata. Mwanaume mmoja kwenye foleni aliyatazama, akafungua mdomo.

"Sema," Tipwa akamwambia.

"Nusu kilo ya paja, dada."

"Nilidhani una neno."

"Sina."

"Nenda kafunge, mwanangu!" mama mkwe akafoka. "Unamwogopa huyo mfupa?"

Bosi akaweka mguu barabarani. Tipwa alikuwa ameinua shoka. Akamwona, akaliacha juu. Foleni nzima ikageuka kumtazama. Mpishi wa shule akatua kikapu chini na kukunja mikono ya blauzi.

Bosi akaurudisha mguu.

Mama yake akamsukuma mgongoni, akamsukuma tena. Hakusogea. Shoka likashuka, paja likaachana vipande viwili, na Tipwa akauliza ni nani anayefuata.