Nuzha wa Redioni na Mkate wa Radia

Redio ya Bwana Mfaddal mwoka mikate, "Si Mfaddal" kwa lugha ya kwao, ilipoanza kusoma riwaya asubuhi, wanawake wa kichochoro chake mjini Fez hawakuwa na haraka tena. Walileta mbao zao za mikate mibichi, wakazipanga mbele ya tanuri lake awaokee kwa ujira, wakajifanya wanasubiri mkate uive. Uongo mtupu. Walikuwa wakimsubiri Nuzha.

Riwaya yenyewe ilikuwa kongwe, kila mtu aliisoma shuleni. Nuzha anawaacha wanawe wawili wakiwa na homa, anafuatana na mwuza vitambaa. Mwisho wake ulijulikana, lakini ubishi ulikuwa mpya kila siku.

"Maskini Nuzha," alisema Lalla Batul, yaani Bibi Batul, jirani mwenye ulimi na moyo, vyote vikubwa. "Kaolewa angali mtoto, hajui hata kujisuka nywele."

"Maskini wanawe!" Mfaddal alijibu huku akichochea moto. "Huyo hana huruma yangu hata tone. Ningekuwa mwandishi, ningemtia humu tanurini ukurasa wa kwanza."

"Na kitabu kiishe, tubaki na hadithi za goti lako linalouma!"

Wakacheka, naye akacheka. Mfaddal alikuwa mtu aliyeridhika na maisha yake. Wateja walimpenda, na binti yake Shama, muuguzi, alimpikia supu kila jioni huku akimsimulia vituko vya wagonjwa. Kidonda chake kilikuwa kimoja tu. Mama yake Shama, Radia, aliondoka na dereva wa basi mtoto akiwa bado mdogo, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani. Kichochoro kizima kilijua Mfaddal alimtukana nani alipomtukana Nuzha. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku moja Batul alikuja na mbao mbili, ya pili imefunikwa kwa kitambaa chake.

"Nina wageni," alisema, macho pembeni.

Mfaddal akafunua. Mikate mitatu, kila mmoja umebonyezwa kwa kidole gumba, si katikati bali ukingoni. Alimjua mwanamke mmoja tu aliyebonyeza hivyo. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka.

"Karudi lini?"

Batul hakujifanya haelewi. "Wiki hii. Yuko kwa shangazi yake. Yule dereva alimtelekeza zamani. Hakunituma niombe lolote, Si Mfaddal. Anataka mkate wake uive, basi. Ukikataa, nitaupeleka mtaa wa pili."

Redioni Nuzha alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake ya zamani, ameshindwa kubisha hodi. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walimtazama Mfaddal. Mtaani kwao, tanuri likikataa unga wa mtu, mtu huyo amefukuzwa, hana haja ya kuambiwa. Mfaddal alilijua hilo kuliko wote, na kusema kweli alilitamani. Miaka yote alikuwa na maneno ya kumwambia Radia, na leo angeweza kuyasema yote bila kufungua mdomo.

Akaishika pao yake, ule ubao wa mpini mrefu wa kusukumia mikate. Akaisukuma mikate mitatu ndani kabisa, si pale mlangoni inapobabuka, bali pembeni anapoweka mikate ya maharusi. Akaigeuza mwenyewe, akailinda. Ilipoiva akarudisha miwili kwenye ubao, wa tatu akauweka kando.

"Huu ujira wangu."

"Hela ninazo, Si Mfaddal."

"Sikuuliza hela, Lalla."

Batul akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha ulimi ukamrudia. "Kwa hiyo Nuzha umemsamehe?"

"Nuzha? Nuzha aungue!"

Kicheko kilisikika hadi barabarani.

Jioni Mfaddal aliuweka mkate kando ya bakuli la supu. Shama akakiona kile kibonyeo ukingoni, akakigusa.

"Wa nani huu, baba?"

"Wa mama yako. Karudi."

Shama aliugeuzageuza mkate mikononi, na Mfaddal akaogopa. Kisha binti akaumega, akachovya, akatafuna taratibu.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Siku zote alikuwa hivyo hivyo," alijibu Mfaddal, akanyoosha mkono aongezwe kipande.