Mashine ya Maji Niliyoiuza

Kuna siku moja haitoki kichwani mwangu, mwanangu, hasa tangu uniulize kama uweke sola nyumbani au usubiri kwanza serikali ikate shauri kuhusu zile ahadi zake za kodi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa Bahati. Mimi na mama yako tulikuwa wageni katika shamba hili, na mzungu aliyeondoka alikuwa ametuachia mashine ya dizeli kule mtoni. Ilikohoa na kutoa moshi, lakini maji yalipanda mpaka mlangoni. Kila mama yako alipoisikia ikinguruma, aliimba. Enzi hizo nilikuwa na nywele nyingi, na ujuaji mwingi zaidi.

Basi, chifu akatangaza barazani kwamba stima itafika kabla ya mavuno. Wiki hiyo hiyo nikaipakia mashine kwenye pikapu nikaipeleka Nakuru kwa fundi Gurdip, Kalasinga mmoja mpole, ili niiuze ninunue pampu ya stima. Aliipangusa mafuta, akanitazama.

"Kijana, hii mashini inaleta maji leo. Stima yako iko wapi leo?"

"Nguzo ziko njiani, mzee."

"Sasa ngoja. Uza siku taa imewaka."

Nilimwona amepitwa na wakati. Nikauza, nikanunua pampu, nikafunga nyaya na balbu sita, hata zizini kwa ng'ombe. Nguzo zilifika kweli, zikalazwa kando ya barabara. Halafu mkubwa mmoja akahamishwa, mpango ukabadilika, lori likazibeba zikaenda upande wa Njoro. Nilirudi mbio kwa Gurdip, nikakuta mashine imeshapata mwenyewe.

Mama yako hakunigombeza. Alichukua kamba, akaipitisha kwenye paji la uso, akabeba maji mgongoni kutoka mtoni kwa miaka saba. Kila jioni alipita chini ya balbu zangu akiingia jikoni. Naona aibu hata sasa ninapokusimulia.

Stima ilipokuja hatimaye, aliketi chini ya taa akishona, nami nikauona vizuri ule mfereji uliochimbwa na kamba pajini mwake.

"Unaangalia nini?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Alama hiyo alienda nayo kaburini.

Kwa hiyo, mwanangu, piga hesabu yako ukiwa umeondoa kila ahadi, ya kupunguziwa kodi na ya kuuza umeme unaobaki. Kama sola inajilipa kwa taa na friji unazotumia leo, weka. Kama inajilipa kwa maneno ya barazani tu, iache kwanza, ila usiuze kinachokufaa sasa. Na kabla hujaamua kusubiri, kaa na mkeo umuulize, kwa sababu mimi ndiye niliyesubiri, na mama yako ndiye aliyebeba maji.

Mungu aijaze nyumba yenu mwanga, na akujalie uzeeke na mkeo akiwa bado anaimba.