Kuku wa Kutoa Haya

Mfanyabiashara mmoja wa magodoro hapa Dilala, mtaa wa Kolwezi, alitoa ahadi mbele ya parokia nzima. Kila mwendesha baiskeli atakayetoka Kolwezi na kufika Mutshatsha kwa nguvu za miguu yake, atakuwa ameipatia nyumba ya uzazi ya kule godoro moja. Atakayepanda gari njiani, hata kwa kupumzika tu, godoro lake litarudi dukani. Nyumba hiyo ya uzazi ilikuwa na vitanda vya chuma vyenye mbao tupu. Binti yangu mkubwa, aliyeolewa na mwalimu wa huko, alikuwa karibu kujifungua. Niliandikisha jina langu siku ileile.

Mimi ni mtunza bohari. Shuleni sikufika mbali. Mengi ninayoyajua nimeyapata katika vitabu vinavyouzwa chini sokoni. Kimoja kilikuwa cha Kifaransa, juu ya misuli ya mwanadamu, kimepoteza jalada na sura ya mwisho. Kilifundisha kwamba mwendesha baiskeli anywe kabla ya kiu na ale kabla ya njaa. Kwa hiyo nilihitaji gari la kunisindikiza. Mwenye gari katika ukoo wetu ni mmoja, kaka wa mke wangu, na gari lenyewe ni kamyoneti ya kubebea mahindi. Alikubali. Mke wangu alikubali kupika. Ndipo mama yao akasema kwamba mjukuu wake hawezi kuzaa bila yeye kuwapo, na kwamba atapanda nyuma ya kamyoneti pamoja na masufuria.

Kwa desturi ya kwao, mwanamume na mama mkwe wake wanaoneana haya. Hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi. Yeye akiingia kwetu kwa mlango wa mbele, mimi hutokea wa nyuma. Ipo njia ya kuimaliza haya hiyo: mkwe anatoa kuku mbele ya mashahidi, kuku aliyempata kwa mali yake mwenyewe, na jambo limekwisha. Sisi wawili hatukuwahi kufanya hivyo, wala hakuna aliyelalamika. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake ambaye sikuwahi kugombana naye.

Kisha kamati ya safari ikatugawia kaptula nyeusi za kubana, zenye sifongo iliyoshonwa kwenye makalio na namba iliyoshonwa pajani. Familia ikakaa kikao.

"Akitangulia mbele ya gari," shemeji akasema, "mama ataona mugongo yake, na yote yenye inafuata mugongo."

"Akiwa nyuma ni mubaya zaidi," mke wangu akasema. "Mama atakaa nyuma ya kamyoneti, anaangalia nyuma. Ataona mapaja mupaka Mutshatsha."

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa mlango. Akauambia ukuta: "Ambieni bwana ya mutoto yangu avale suruali."

Nami nikauambia ukuta kwamba suruali hukamatwa na mnyororo, na kwamba bila namba ya pajani sitahesabiwa.

Tuliafikiana hivi: kamyoneti itatangulia mbali, mke wangu ataweka chakula na maji barabarani, kisha wataondoka haraka na kujificha baada ya kona au nyuma ya kichuguu. Vichuguu vya kwetu ni virefu kuliko nyumba, kwa hiyo mpango ulikuwa na msingi. Shemeji akasema kwamba mafuta ya kamyoneti, kwenda na kurudi, yangetosha kununua godoro. Mke wangu akaanza kuchagua masufuria.

Asubuhi tulitoka Kolwezi kwa baraka za padri, na kabla jua halijapanda wenzangu, wote vijana, walikuwa wameniacha. Hilo nililitarajia. Kitabu kilisema kila mwili una mwendo wake.

Ambalo sikulitarajia lilikuwa kitambaa. Ili vumbi lisiingie kwenye sahani, mama mkwe alikuwa ameagiza ifunikwe kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa liwekwe tawi bichi upepo usikipeperushe. Nilipofika kwenye chakula cha kwanza, karibu na kijiji fulani, nilikuta watu wamesimama mviringo, mbali kidogo nacho. Katekista alikuwa ameitwa aje na maji ya baraka.

"Usikaribie, tata," mwanamke mmoja akaniambia. "Gari ilisimama, mwanamuke akashuka, akatia hii pa njia, wakakimbia. Hata kuangalia nyuma hawakuangalia."

"Ni chakula changu."

"Nani alikutilia?"

"Mama mukwe."

Walitazamana. "Na juu ya nini alikimbia?"

"Asinione."

Katekista alitazama kaptula yangu, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata nusu ya jibu. Nilikaa chini, nikafunua, nikala bukari na sombe yote, ugali na majani ya muhogo, kwa sababu ulikuwa wakati wa kula. Walinitazama hadi tonge la mwisho. Nilipokuwa napanda baiskeli nilisikia mmoja akiwaambia wenzake kwa upole: "Tungoje kidogo. Bintu bya vile binachelewaka."

Mchana lori la magodoro lilinipita. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba, marefu kama nyumba, na moja kati yake lilikuwa langu, ikiwa nitafika. Nilichagua lile la juu kabisa, lenye maua ya bluu. Lori lilipotea katika vumbi lake, nami nikalifuata.

Kamyoneti iliweka chakula cha mwisho mahali ambapo msitu unakuja karibu na barabara. Nilifika pale nikiwa nimekauka. Baiskeli ya makala, yaani mkaa wa kupikia, ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, magunia yamepangwa juu yake, na juu ya magunia kuku amefungwa miguu. Mwenye baiskeli alikuwa amekaa kwenye majani. Sahani mbele yake ilikuwa tupu, na bidoni ya maji ilikuwa imelala ubavu.

"Karibu, tata," akasema, akilamba vidole. "Hii njia mi ninapitaka tangu zamani, haiyanipatiaka kintu. Leo imenikumbuka."

"Kilikuwa changu," nikasema.

Akaitazama sahani, akanitazama. "Sasa?"

Niliinua mguu nishuke. Nyama ya nyuma ya mguu wangu wa kulia ilijikaza kama ngumi, nikaanguka pamoja na baiskeli. Kwa mujibu wa ukurasa wa yaliyomo, sura iliyopotea ya kitabu changu ndiyo ilihusu jambo hilo.

Kamyoneti ilikuwa imejificha nyuma ya kichuguu. Mke wangu na shemeji walikuja mbio.

"Tumupandishe," shemeji akasema.

"Godoro," nikasema.

"Mutoto yetu atalala pa mbao," mke wangu akamwambia kaka yake. "Acha."

Sauti ikatoka nyuma ya kichuguu. "Mutoto yangu, ambia bwana yako anyooshe muguu."

"Mama anasema unyooshe muguu."

"Mwambie haukubali."

"Anasema haukubali, mama."

"Ambia ye: ye njo mukubwa, muguu njo mutumishi."

"Nimesikia," nikasema.

"Bado," shemeji akanikumbusha. "Haujaambiwa."

Mtu wa makala alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. "Ule mama anajua miguu?"

"Anakandaka bamama wenye kuzala," mke wangu akasema. "Mikono yake inaweza kuamusha muti."

"Basi aje."

"Ni mama mukwe yake."

"Aa," akasema. Akageuka akamtazama kuku wake. "Na kwetu ni vile."

Mke wangu alikuwa na pesa zetu za nyumbani kwenye kitambaa, lakini pesa hizo zilitoka kwenye biashara yake ya unga, na shemeji ni mtoto wa mama yuleyule. Kuku wa pesa zao angekuwa ukoo unajilipa wenyewe. Changu pale kilikuwa baiskeli, ambayo bado ilikuwa na kazi, na kaptula.

"Ile sifongo," mtu wa makala akasema, kana kwamba alikuwa ameniwazia, "iko paka nyuma, ao na mbele?"

"Nyuma tu."

"Inatosha. Kuenda ninasukumaka. Kurudi ninapandaka, na kiti inanikula."

Nilivuliwa kaptula nyuma ya magunia ya makala, nimesimama kwa mguu mmoja, watu wawili wakinishikilia, nikafungwa kikwembe, kitenge cha mke wangu. Kisha kuku akapelekwa nyuma ya kichuguu, mtu wa makala akiwa shahidi, tayari ameshavaa kaptula.

Mama mkwe akatokea akiwa amempakata. Alinisogelea polepole, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Kumbe uko na mvi," akasema.

Nikamwambia zimeanza kitambo. Akampa mke wangu kuku, akakunja mikono, akaukamata mguu. Sitaeleza zaidi. Mtu wa makala aliona afadhali aondoke.

Nilipopanda tena baiskeli, hapakuwa na sababu ya kamyoneti kujificha. Ilikwenda mbele yangu hatua chache, mama mkwe amekaa nyuma akinielekea, naye akaanza kusema. Alisema nisiiname. Alisema kikwembe kinaingia kwenye mnyororo. Aliuliza kwa nini paa la jiko lake nilitumia misumari mifupi, na kwa nini mjukuu wake nilimwoza mbali hivi, na kwa nini kwenye mazishi ya mumewe nilikohoa. Alikuwa ameyahifadhi yote kwa mpangilio. Niliendesha kwa kasi ambayo sikuwahi kuifikia, nikitumaini kuipita kamyoneti.

Tulifika Mutshatsha jua likiwa bado lipo. Vijana walikuwa wameoga. Katibu wa kamati alisimama mlangoni pa nyumba ya uzazi, akanitazama hadi chini.

"Namba, tata?"

"Iko kwenye kaptula," nikasema, nikiikumbuka wakati huohuo.

"Na kaptula?"

"Iko njiani, inaenda Kolwezi na makala."

Alikuwa mtu wa haki, na ndiyo shida ya watu wa haki. Bila namba, mimi sikuwa nimefika. Aliwaagiza wapakizi warudishe godoro moja kwenye lori, nao wakashika lile la maua ya bluu. Binti yangu alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

Mama mkwe aliwapita, akajilaza juu ya godoro.

"Mama, tunaomba uinuke," katibu akasema.

"Bibi yako ni mutoto wa wapi?"

Katibu akamtajia kijiji. Mama mkwe akamwuliza jina la mama wa mkewe. Akamtajia, kwa fahari kidogo.

"Ule ni mutoto ya mama yangu mudogo," akasema, bado amelala. "Ni dada yangu. Basi mi njo mama mukwe yako, na umenisimamia pa kitanda."

Katibu aliinamisha macho, akarudi kinyumenyume hadi pembe ya nyumba, akaizunguka. Tuliona kiatu kimoja tu.

"Uko na kuku?" shemeji akamwuliza.

"Hapana," kiatu kikajibu.

"Basi baki kule."

Baada ya muda sauti ikaja: mumwambie mama godoro libaki.

Juu ya godoro hilo binti yangu alijifungua salama, mtoto wa kike, bibi yake akimkanda. Sasa mama mkwe yuko kwetu mara kwa mara, anaingia kwa mlango wa mbele, nami nabaki nikiwa nimekaa, nasikiliza. Katibu akimwona mjini Kolwezi huingia kwenye duka lililo karibu, hata la kusuka nywele, na kungoja humo kwa utulivu. Juzi aliniita pembeni, akaniuliza kama kuku wa kawaida anatosha.

Nilimwambia afikiri vizuri kwanza.