Chupa Niliyoshindwa Kuingoja

Mwanangu, nikiikumbuka Ijumaa moja ya ujana wangu, masikio yananiwaka hadi leo, na mie sasa ni bibi mwenye meno ya kuhesabu. Wewe umeanza kazi ya maabara juzi, umenijia na koti jeupe linang'aa, unanilalamikia eti kupima majitaka kunachosha, chupa inakaa siku nzima na hakuna kinachotokea. Kaa hapo, weka simu chini, nikwambie. Simu, nimesema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa Singida niliyeletwa Temeke na ajira, najiona nimesoma kuliko wote. Kazi yangu ilikuwa kwenye mabwawa ya majitaka. Maji ya vyooni yaliingia bwawa la kwanza, yakahamia la pili, yakafika la mwisho polepole, na njiani humo mayai ya minyoo huzama yakabaki kwenye tope. Maji ya bwawa la mwisho ndiyo kina mama wa bondeni walimwagilia mchicha na matembele. Kila wiki nilipima. Nikiandika hakuna mayai, lango la mfereji linafunguliwa. Nikiandika yapo, linafungwa mpaka nipime tena.

Sasa sikiliza upimaji wenyewe. Unachota maji kwenye chupa kubwa, unaiacha bila kuigusa mpaka kesho yake. Mayai ni mazito, yanatuama. Kesho unaondoa maji ya juu taratibu, na lile tope la chini ndilo unalolipeleka kwenye hadubini. Ijumaa ile rafiki yangu alikuwa na kichen pati, sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi, mie ni mwanakamati, na sare yangu bado iko kwa fundi Tandika. Nirudi kazini Jumamosi na usingizi wa kukesha? Thubutu! Nikachota tone la maji ya juu, safi kabisa, nikachungulia. Kweupe. Nikaandika hakuna, nikasaini, tena kwa mkogo.

Na nilijiambia sijadanganya, maana kweli sikuona yai. Ijumaa iliyofuata sikuwa na kichen pati wala nini, nikafanya vilevile, kwa kuwa hakuna aliyelalamika. Ikawa ndiyo desturi yangu. Miezi ikapita.

Karibu na lango alilima Mama Sada, mwanamke wa Lindi, mcheshi huyo! Kila akiniona: "Sista wa maji, leo tunamwagilia?" Namwonyesha karatasi, anacheka, anakwenda kujaza ndoo zake. Mwanawe Sada, wa miaka minne, alicheza hapohapo kwenye udongo mbichi mama yake akipalilia. Siku moja nikakuta matuta yao hayana mtu. Sada tumbo lilikuwa limevimba, anatapika, analia hanyamazi. Hospitali wakakuta minyoo imejikusanya fundo, imeziba utumbo. Wakampasua.

Mkuu wangu wa maabara, Mzee Chilumba, mtu wa Newala mwenye sauti ndogo, alipopata habari hakunifokea. Heri angenifokea! Alichukua chupa ya wiki ile, akaiweka mezani, akaniambia nisiiguse mpaka kesho. Kesho yake akaondoa maji ya juu kwa mkono wake, akaniachia tope.

"Haya binti, hesabu."

Niliyaona, mwanangu. Ya mviringo, ganda lina vinundu, rangi ya asali. Nikahesabu mpaka nikapotea, nikaanza upya. Bwawa la mwisho lilikuwa limejaa tope, maji yanapita mbio na mayai yanasafiri nayo. Ningeingoja chupa mara moja tu, ningelijua hilo zamani.

"Ulikuwa unapima nini miezi yote hii?"

"Maji ya juu, mzee."

"Basi mnyoo ana akili kuliko wewe. Yeye anajua kungoja." Akavua miwani, akaifuta. "Mdharau mwiba mguu huota tende. Ila hapa mguu uliovimba si wako, ni wa mtoto wa watu. Karatasi ulipeleka mwenyewe, na hili utalipeleka mwenyewe."

Njia nzima ya kwenda hospitali nilipanga maneno ya kiofisi, kwamba maji yamepata hitilafu, kana kwamba hitilafu haina mwenyewe. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na pale wodini kifo kilikuwa hakijaondoka mbali. Sada alilala kama nguo iliyokamuliwa. Nikasema: "Mama Sada, sikuingoja chupa. Niliandika hakuna bila kutazama panapostahili."

"Mie hadubini yako siijui, sista. Mie nilikuwa namwamini mtu." Kisha akageuka kumfunika mwanawe shuka. Nililia palepale, na manesi wananiangalia.

Lango lilifungwa siku hiyohiyo, bwawa likazolewa tope, kina mama wakamwagilia maji ya kisima kwa taabu mpaka vipimo vikawa safi. Sada akapona, nashukuru Mungu kila nikilitaja jina lake. Nami nikadhani mama yake hatanisemesha tena. Jumamosi moja akatokea mlangoni maabara na wenzake watatu.

"Tuonyeshe hilo yai."

Nikawawekea tope la chupa ile, tulilokuwa tumelihifadhi. Akachungulia kwa jicho moja, akaruka nyuma. "Yarabi! Ndiyo haka?" Akachungulia tena, mara hii akakaa sana. Alipoinuka alitoa amri, wala hakuomba: tangu leo lango halifunguliwi mpaka mmoja wao aje Jumamosi kuliona tope la chupa kwa macho yake. Mzee Chilumba akaitikia, "Sawa, mama," kama mtoto wa shule. Utaratibu ule niliufuata mpaka nastaafu, na nakwambia bila kujitapa, sikupata kuandika tena nisichokiona. Walikuwa wakali kuliko mkaguzi yeyote.

Kwa hiyo, mwanangu, ingoja chupa. Maji safi ya juu yasikudanganye, na usifurahie jibu zuri kabla hujalitafuta baya mahali linapokaa. Usiseme leo tu, maana leo tu ndiyo iliyonichukua miezi. Na wale wanaokula kwa karatasi yako, waite waje wachungulie. Usiogope macho yao, hata yakiwa makali, kwani ndiyo yaliyoninyoosha mie. Kazi hii utaiweza, nakuona unaiweza.

Mungu akupe macho, na subira ya kuyatumia. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akupe miguu ya kwenda mwenyewe kwa mama wa mtoto, ukamwambie.