Mafuta ya Mama Orpha na Jicho la Setilaiti

Hii nitakayowaambia hamtaiamini, na sitawalaumu, kwa sababu hata mimi mwenyewe huwa naibishia nikiwa peke yangu. Chupa ya mafuta ya maombi, ndogo kama kidole gumba, ilisimamisha kampuni nzima ya anga hapa Stockholm. Wahandisi wenye miwani na digrii wakasimama kama kuku walionyeshewa mvua. Na aliyewasimamisha ni mtoto wa dada yangu.

Naandika haya mezani kwa dada huyo, Denise, huku Upplands Väsby, nje kidogo ya jiji. Mtoto mwenyewe yuko jikoni anakaanga samaki, kwa hiyo nitaandika haraka.

Anaitwa Heshima. Alizaliwa Uvira, akaletwa Sweden akiwa bado anaogopa ngazi za umeme. Leo ni mhandisi wa setilaiti. Habari hiyo mimi ndiye niliyeifikisha Rinkeby ninakoishi, na niliifikisha bila kuipunguza. Kabla juma halijaisha, Bwana Hakim, Mganda wa ghorofa ya chini, alishusha dishi la televisheni kutoka barazani kwake akanipandishia hadi mlangoni, limefungwa kwenye shuka kama maiti.

"Mwambie huyo binti mpira unakatika kila wakikaribia goli."

Nikampigia simu.

"Tonton Zacharie," akasema, maana mjomba kwetu ni tonton, "mimi sitengenezi madishi. Natengeneza kinachotazama."

"Kinatazama nini?"

"Dunia."

"Dunia tunaiona bila wewe, mwanangu. Mpira ndio hatuuoni."

Sasa hiyo kampuni. Najua mmeshafikiria makombora na moto. Futeni. Ni jengo la kijivu nyuma ya duka la matairi. Heshima anasema inakua, na inakua kweli: watu wameongezeka, viti havijaongezeka, kwa hiyo wanafanya kazi wamesimama na kusema ni kwa ajili ya mgongo. Mkurugenzi anaitwa jina lake la kwanza kama mtoto wa shule, na zamu ikimfikia anaosha vikombe. Wakipata mteja, wanakata keki. Wakimkosa, wanakata keki pia, ila ndogo. Na setilaiti yenyewe? Nilitegemea kitu cha ukubwa wa basi ninaloendesha. Picha aliyonionyesha, jamani, ni friji ya mwanafunzi iliyofungwa karatasi ya dhahabu kama chokoleti.

"Na wewe kazi yako iko wapi hapo?"

"Jicho lake, Tonton. Kamera."

Yaani miaka yote ile ya chuo, vitabu vizito kama matofali, ili awe mpiga picha! Afadhali wa harusi, hupewa chakula.

Lakini jambo moja halikuwa la kuchekesha. Heshima alikuwa kwenye miezi ya kujaribiwa, na huo ulikuwa mwezi wa mwisho. Mswidi hakufukuzi. Anakuchekea, anakumiminia kahawa, anakwambia amefurahi kukufahamu, na kesho yake kadi yako haifungui mlango. Jumatatu Heshima angefunga lenzi ya kamera, kisha setilaiti ipakiwe ikarushwe. Akifunga vizuri, anabaki. Akiharibu, anarudi kuuza viatu mjini kama alivyofanya alipokuwa akisoma. Denise alikuwa hali wala halali.

Lenzi hiyo hufungwa ndani ya chumba chao kisafi. Unavaa ovaroli nyeupe, kofia, barakoa na soksi juu ya viatu, unatokea kama mfuga nyuki aliyekimbiwa na nyuki wake. Marashi marufuku. Losheni marufuku. Eti mafuta hutoa mvuke, mvuke ukaganda kwenye lenzi kama ukungu, na huko juu hakuna wa kupanda na kitambaa aufute. Watu wazima wanaogopa losheni.

Jumapili Denise akampeleka bintiye kwa Mama Orpha, mtaa wa Vårby gård. Huyo ndiye mama wa maombi wetu sisi Wakongomani. Akikuombea kazi, mwajiri hulainika mwenyewe. Sebule ilijaa kina mama, Heshima akapigishwa magoti juu ya zulia.

"Mtoto anakwenda kugusa mambo ya mbinguni," Mama Orpha akatangaza. "Aende na mikono mikavu, anakwenda kukamata kuku?"

Nilikuwa mlangoni, nimeona kwa macho haya. Akampaka mafuta mikononi. Akampaka kwenye paji la uso. Kisha, kwa kuwa shughuli ilikuwa ya juu, akaimalizia chupa kichwani, mafuta yakashuka ndani ya misuko hadi kwenye mizizi. Heshima huwabishia Waswidi mkutanoni mpaka wanaomba mapumziko. Pale alifumba macho, akainamisha kichwa. Mama wa maombi akikumwagia mafuta, humwambii inatosha. Kwetu maneno hayo hayapo.

Alipofika nyumbani akaosha nywele hadi maji ya moto yakaisha. Wapi! Zilikuwa zimesukwa juzi, na harufu ilikuwa imejificha humo ndani. Alinukia kama pilau ya sikukuu.

"Vaa kofia yao, uingie," Denise akamwambia. "Nani atajua?"

"Lenzi itajua, Mama."

"Lenzi haina mdomo."

Nami nikatoa ushauri wa mtu mzima: "Ingia, funga, nyamaza. Mswidi hawezi kukunusa. Kumsogelea mtu kwake ni aibu."

Mnadhani alisikiliza? Asubuhi ya Jumatatu alisimama mbele ya mlango wa kile chumba, akamwambia msimamizi wake, mama mmoja mrefu aitwaye Ingela: "Leo siwezi kuingia. Nimepakwa mafuta ya maombi, yamo kwenye nywele."

Mswidi unaweza kumwambia umeachika au umefilisika, atakupa kahawa. Mtajie maombi, anaangalia viatu vyake. Ingela aliviangalia sana. Mwisho akauliza swali la Kiswidi kabisa: "Mafuta ya aina gani?"

Heshima hakujua. Akampigia Mama Orpha, sauti akaiacha wazi, wahandisi wameizunguka simu.

"Mama Orpha, yale mafuta yana nini ndani?"

"Yana nguvu, mwanangu! Wameanza kukupiga vita? Ngoja!"

Akaanza kuomba. Akaiombea kampuni, akaiombea friji ya dhahabu, akamfunga pepo wa kufukuza watu kazini, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hakuna aliyethubutu kumkatiza, maana Waswidi hungoja zamu hata moto ukiwaka. Kahawa ikapoa. Aliposema amina, Ingela naye akasema amina, sijui alidhani ni kwaheri.

"Amina, Mama. Sasa yana nini?"

"Zeituni, karafuu, na marashi kidogo ya marehemu mume wangu."

Wakafanya mkutano, bila shaka. Kisha mwenzake, Yara, binti wa Kisiria, akaingia badala yake. Heshima akabaki nje ya kioo akimwongoza kwa kipaza sauti: kaza, legeza, rudi kidogo, hapo hapo. Kazi aliyoingojea tangu siku ya kwanza akaifanya kwa mikono ya mtu mwingine. Aliporudi nyumbani hakugusa ugali.

"Imekwisha," akasema. "Nimewaambia kwa mdomo wangu kwamba sifai kuingia."

"Nilikwambia unyamaze," nikamjibu. Mtu mzima hukumbusha.

Ijumaa Ingela akamwita, akammiminia kahawa. Denise aliposikia habari ya kahawa akaanza kulia. Lakini Ingela alimwambia mtoto wetu kwamba setilaiti ijayo lenzi ni yake, na inayofuata pia, na kwamba kuanzia siku ile kila mtu atamuuliza yeye kabla ya kuingia mle ndani. Abaki. Na mlangoni, chini ya marashi na losheni, wamebandika katazo jipya: mafuta ya maombi. Kampuni ya anga, haiogopi jua wala mwezi, inamwogopa mjane wa Vårby gård!

Lakini iko sehemu ambayo Heshima huiruka akisimulia. Jumatatu ile walitaka chupa yenyewe waichunguze. Nani aliipeleka? Mimi. Nikasimamisha basi mbele ya kampuni, abiria wakapiga makofi. Nikavalishwa ovaroli nyeupe. Ingela akanishika mkono, machozi yanamlengalenga, akasema, "Tonton Zacharie, bila wewe hii haipai." Nikaingia kwenye kile chumba, nikaweka kiganja hiki juu ya friji, friji ikatetemeka, wahandisi wote wakavua kofia, nami nikawaambia kwa Kiswidi safi kwamba

"Tonton." Heshima amesimama nyuma yangu na sahani ya samaki, anasoma. "Ulikuja kwa treni. Na chupa uliiacha kwenye duka la matairi."

Niliiacha kidogo tu, kwa usalama, maana Ingela mwenyewe alikuwa amenipungia mkono kutoka… Basi, Heshima ameshaivuta karatasi, naishia hapa.