Waya Uliopita Chini ya Kiti cha Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka natafuta pa kukaa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mke, nina gari, na nilidhani Rungwe nzima hakuna fundi wa kunifundisha kitu. Nakusimulia leo kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu zile taa ulizoagiza, ukasema utazifunga mwenyewe Jumamosi, kwamba ni waya mbili tu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi.

Gari langu lilikuwa dogo, la milango miwili, kuukuu. Anayekaa nyuma hawezi kushuka mpaka wa mbele ashuke na kiti kikunjwe. Ukungu wa kwetu unaujua, saa nne asubuhi unaweza kugonga ng'ombe aliyesimama mbele yako. Basi nikanunua taa tatu. Mbili za mbele kwa ajili ya ukungu, na moja ya nyuma, ya kumulika wakati wa kupakia ndizi.

Bulyaga kulikuwa na fundi umeme wa magari, mzee Ambokile, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipomwendea kuuliza bei ya fyuzi aliniambia nimwachie gari siku moja. Nikacheka. Nikamwambia mzee, hizi ni waya mbili tu, moja chanya, moja ya kufunga kwenye bodi ya gari. Akanitazama, akaniuzia fyuzi, akasema, "Hiyo ikikatika, usiifokee. Iulize imeona nini."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikwenda nyumbani Nkunga nikaanza kazi. Waya wa kununua niliuona ghali, nikatumia waya mwembamba wa spika za redio ya zamani. Nikautoa moja kwa moja kwenye betri, haupiti kwenye ufunguo, nikaupenyeza kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na sisi tunaokaa ndani. Tundu lenye makali, na raba ya kuzuia waya usikwaruzwe sikuweka. Kisha nikaulaza chini ya zulia, ukapita chini ya kiti cha abiria, mpaka nyuma kwenye swichi. Nilipowasha, fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine, nayo ikakatika. Sikuiuliza kitu. Nilichukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaizungushia ile fyuzi iliyokufa, nikairudisha mahali pake. Taa zikawaka zote. Nikajipongeza, mwanangu, nikazunguka gari mara mbili nikiliangalia.

Na utepe wa kufungia waya uliniishia kabla ya kufika nyuma. Wewe unajua kwetu ni kitu gani hakifungwi kwa kamba za mgomba. Kuni tunafunga, kuku tunafunga, mlango wa choo tunafunga. Basi nami nikachukua maganda makavu ya mgomba, nikauviringishia ule waya vizuri kabisa, toka chini ya kiti mpaka nyuma. Niliona nimeuvika shati.

Sasa sikia jambo la pili, maana bila hilo hutaelewa kwa nini naona aibu. Wakati ule babu yako, baba yangu mzazi, alishika mila bila kulegeza. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Wachungaji walishaanza kusema imepitwa na wakati. Baba alikuwa mzee wa kanisa, aliimba sauti ya nne, lakini hapo hakuwasikiliza.

Wiki ile baba alitakiwa hospitali Tukuyu, macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Mama yako Atupele naye alikuwa na siku ya kliniki, mimba ya miezi minane. Gari ni moja. Nikabuni dawa. Nilifunga kanga toka kishikio cha kulia mpaka cha kushoto, ikawa pazia kati ya viti vya mbele na cha nyuma. Mama yako akaingia kwanza, akakaa nyuma ya pazia kimya. Kisha baba akaletwa, akakaa mbele. Majirani walicheka wakasema kijana huyu ana akili. Baba alikuwa na miguu mirefu, akavuta kiti nyuma mpaka mwisho ili apate nafasi. Nilisikia reli ya kiti ikikwama kidogo, kisha ikaingia. Ilikuwa imeubana ule waya. Mimi nilidhani ni kutu.

Tukaondoka. Vioo tumefunga kwa sababu ya mvua, ukungu umejaa barabarani, na barabara ya vumbi wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Kila shimo lilipotutikisa, reli ilizidi kuula ule waya.

Baada ya mwendo wa kama robo saa nikasikia harufu. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipotukamata vizuri. Plastiki ikiungua kila mtu anashtuka, lakini hii ilikuwa harufu ya ganda la mgomba linaloungua, harufu ya jikoni kwa kila mama wa Kinyakyusa. Baba akavuta pumzi akasema, "Kuna watu wanapika hapa karibu." Nikamjibu, ndiyo Tata, tunapita kwenye nyumba za watu. Hakukuwa na nyumba.

Nyuma ya pazia mama yako akakohoa. Akakohoa tena. Nikadhani ni baridi. Kisha nikahisi mkono wake unapita pembeni ya pazia na kunivuta shati begani. Nilishtuka, mwanangu, lakini si kwa sababu ya hatari. Nilishtuka kwamba mkono wa mke wangu umetokeza upande aliokaa baba yangu. Niliusukuma urudi. Akanivuta mara ya pili, kwa nguvu, nikausukuma tena, na safari hii niliubana vidole ili aelewe. Nikaongeza sauti nikimweleza baba habari za bei ya chai, ili asisikie vurugu za nyuma yake.

Ndipo pazia liliponyofolewa. Mama yako aliling'oa kwa mikono yote miwili, akamshika baba mkwe wake mabega, akamsukuma na kupaza sauti. "Tata, shukeni. Moto uko chini yenu."

Nakuapia, jambo la kwanza nililohisi ni fedheha. Nilitaka kumfokea. Nikageuka, na ndipo nikaona moshi mzito unapanda toka chini ya kiti cha baba, na zulia la nyuma limeshika moto, na mguu mmoja wa mama yako umo humo humo kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuuweka.

Nilikanyaga breki, tukaserereka, tukasimama pembeni. Na sasa nikwambie nilichofanya. Niliruka nikazunguka gari kwenda kumtoa baba. Mlango wake ulikuwa unafunguka kwa shida, naye kwa macho yale alikuwa akipapasa kishikio asikione. Nilimvuta, akaanguka kwenye tope. Nikarudi kukunja kiti ili mama yako atoke, nacho hakikunjiki. Reli ilikuwa imegandana na plastiki iliyoyeyuka. Nilivuta mpaka kidevu kikagonga dirisha. Nilipoinua macho, mama yako hakuwepo. Alikuwa ameshapita mwenyewe katikati ya viti, na tumbo lile la miezi minane, juu ya gia, akatokea upande wa dereva kwa magoti. Hakuna aliyempa mkono.

Nikazima gari, nikachomoa ufunguo nikaushika mkononi nikijua yamekwisha. Waya ukaendelea kuungua. Nilisimama pale na ufunguo wangu kama mtu aliyeshika karata ambayo haichezwi. Umeme ulikuwa unatoka kwenye betri yenyewe, ufunguo haukuwa na habari nao. Nikafungua boneti, spana sina, nikaushika ule waya kwa mkono mtupu nikaung'oa. Ngozi ya kiganja ilibaki pale. Kisha nikachota tope kwa mikono, nikarusha ndani tope na tope mpaka moto ukafa. Ile karatasi ya sigara niliikuta nzima kabisa, inang'aa. Kila kitu kiliungua isipokuwa kile ambacho kilipaswa kuungua kwanza.

Wapita njia walikuwa wameshajaa. Walinipongeza kwa kiganja changu, wakasema kijana huyu ni mwanamume. Mama yako alikuwa amekaa ukingoni, mguu ameunyoosha kwenye majani mabichi, ameshika tumbo. Nilimuuliza kama mtoto anacheza. Akatikisa kichwa kwamba hapana.

Pikapu iliyobeba ndizi ilitufikisha Tukuyu. Muuguzi alikuwa mgeni kwetu, mama wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka pwani. Alimlaza mama yako, akaweka kile chombo chake tumboni, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena. Alikihamisha mara ya tatu. Nilikuwa nimeegemea mlango. Nikasema moyoni, Kyala, Mungu wangu, chukua gari, chukua mkono huu, lakini hapo usiguse. Mara muuguzi akainua kidole, akatabasamu, akasema, "Huyu alikuwa amenyamaza tu. Yupo." Ndiye dada yako Tumpale, anayekufokea kila siku kwa simu.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi kando ya baba. Nilianza kumwomba radhi kwa niaba ya mke wangu, kwamba amemgusa, kwamba amemsemesha. Baba aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, macho yake yale ya ukungu yakitazama ukuta.

"Gwe mwana. Mimi nilimkataza mke wako kunitazama. Nani alikukataza wewe kumsikiliza?"

Akaendelea, "Nilikusikia ukipiga kelele za chai. Nilisikia pia unasukuma kitu. Nikadhani ni mzigo."

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, baba aliita ndugu wote nyumbani kwake. Akamwomba mama yako amletee chai kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Wanawake wazee walishika midomo. Mama yako akaileta, nyingine imemwagikia sahani. Baba akaipokea, akanywa, akasema, "Ndaga, asante, mwanangu." Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyejificha migombani. Mila aliipenda mpaka anakufa, lakini hiyo aliikomesha mwenyewe.

Mimi nilirudi kwa mzee Ambokile na kiganja kimefungwa bendeji. Nilijua atanicheka. Hakucheka. Alinikalisha siku nzima akinionyesha, na yale aliyonionyesha ndiyo nakupa leo, kwa hiyo weka simu chini.

Kabla ya kugusa chochote, fungua nguzo ya hasi ya betri, usione uvivu wa spana. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si mbali, maana kipande cha waya kilichotangulia fyuzi hakina mlinzi. Iwe ya kipimo kinacholingana na waya na taa zako. Ikikatika, tafuta sababu, usiweke kubwa zaidi na usiweke karatasi. Ile imekufa ili wewe usife. Waya uwe mnene wa kubeba mzigo wa taa, si wa redio. Taa kubwa ziwekee relei, ili swichi ndogo isibebeshwe mzigo wote, na swichi yenyewe itii ufunguo, ukizima gari kila kitu kilale. Penye tundu la bati weka raba. Usipitishe waya chini ya kiti kinachosogea, wala karibu na bomba la moshi, na uufunge kwa vifungo vinavyostahimili joto. Migomba iachie ndizi. Waya wa bodi ufunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukimaliza, washa taa nusu saa gari likiwa limesimama, kisha pitisha mkono wako kwenye waya wote. Ukisikia joto, umekosea, rudia. Na kama hujui, mpelekee anayejua, kuuliza si ujinga.

Hayo ni ya waya, na hata fundi yeyote wa stendi angekupa. Langu mimi ni hili. Lile kovu la mguuni kwa mama yako, ambalo tangu mkiwa wadogo tuliwaambia ni maji ya moto ya jikoni, si maji. Tulidanganya, na uwongo niliuanzisha mimi. Miaka yote hii Nkunga wanasimulia kwamba niling'oa moto kwa mkono nikaokoa familia, na kila wakisimulia, mama yako yupo pale anamenya ndizi, hasemi. Mara moja tu nilimuuliza kwa nini siku ile hakupiga kelele mapema. Akanijibu bila hasira, "Nilikuita mara mbili. Ulinibana vidole."

Basi, mwanangu, unapokuwa umeshika usukani, aliye nyuma yako akikugusa bega, simama kwanza, aibu utaihesabu baadaye. Aliyetuokoa siku ile ni mama yako. Nenda ukamwambie kwamba baba amesema hivyo. Kyala akupe mikono yenye subira na masikio yasiyo na kiburi, na kila utakayempakia garini mwako ashuke kwa miguu yake, mzima, amefika. Amina.